Ganzi ya mkono: wiki sita kwa mtaalamu wa viungo

Mimi ni msusi wa Mwananyamala, huu mwaka wa 17. Ganzi ilianza usiku. Naamka saa nane, mkono wa kulia kama si wangu, naukung'uta pembeni ya kitanda mpaka urudi. Jirani akasema presha, shangazi akasema nimekanyaga kitu. Nikamaliza chupa mbili za dawa ya kuchua. Nilipomwangushia mteja kikombe cha chai ndipo nikaenda.

Kliniki siitaji jina maana nina ya kulalamikia. Miadi saa tatu, nikaingia saa tano kasoro.

Ila kijana aliyenihudumia anajua kazi. Baada ya shikamoo, swali la kwanza: "Mama, kidole cha mwisho nacho kinakufa ganzi?" Sikuwahi kulifikiria. Kumbe hapana! Ni gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa cha pete, basi. Akanikunjisha viganja, migongo ya mikono ikagusana, akasema tuhesabu dakika moja. Hatukufika hata nusu, vidole vikaanza kuwaka. Akanieleza kwamba kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba, ndani yake zimebanana kano tisa na mshipa mmoja wa fahamu. Nafasi ikipungua, mshipa ndio unaolia. Akanituma nikapime na sukari; ilikuwa sawa.

Kisha akamwita dada wa mapokezi, akaniambia, "Msuke." Nikamsuka mistari miwili, yeye ananipiga picha kwa simu yangu. Kuitazama, mkono umepinda kama shingo ya bata. Miaka yote mteja wangu anakaa kwenye kigoda, katikati ya magoti yangu. Siku hizi anakaa kiti kirefu, mimi nasimama nyuma yake. Kwa hilo tu, pesa yangu ilirudi.

Usiku navaa splinti, ile bendeji yenye kibati, kifundo kisijikunje usingizini. Pale waliniuzia 70,000. Famasi ya pili yake nikaikuta hiyo hiyo kwa 40,000. Ulizeni kwanza. Na joto la Dar mle ndani ni adhabu, mpaka nilipokata soksi ya pamba nikaivaa chini yake. Wiki ya pili nililala moja kwa moja hadi adhana ya alfajiri.

Mashine ya mawimbi yenye ute wa baridi, 15,000 kila mara, sikuona ilichonisaidia. Siku ya nne nikamuuliza waziwazi kama inahitajika, akacheka, akasema mazoezi ndiyo kazi. Tukaiacha. Mazoezi yenyewe hayana gharama: vidole vinyooke, vijikunje kama ndoano, kisha ngumi, polepole, asubuhi na jioni. Ukisikia mkono unawaka, umezidisha.

Sasa usiku siamki. Rasta ndogondogo za kutwa nzima bado zinaniletea ganzi jioni, kwa hiyo napumzika kila baada ya saa moja, mteja anune asinune. Amenionya pia: nyama ya chini ya gumba ikianza kubonyea, nisingoje mazoezi, niende kwa daktari wa upasuaji.

Nyota nne. Mkienda, ombeni yule wa zamu ya asubuhi. Wa mchana anakimbilia mashine.