Buji ya chupa ya prosesyo ya rozari: naipa nyota ine, na ile moja yenye inabakia nitawaambia kwa nini

Mwezi wa kumi, mwezi wa rozari, ukikaribia batu banaanza kuniandikia, "dada, buji ya prosesyo ya muzuri iko wapi", basi naweka yote hapa, kila mutu asome.

Nasema juu ya ile buji ya chupa, yenye bijana ba paruasi yetu banauzisha ku mulango wa kanisa kisha misa ya pili. Kwa wenye hawajaiona: banachukua chupa ya maji ya plastiki banaikata katikati, ile ya juu njo banatumia. Banaigeuza, kifuniko banatupa, buji inapita mu shingo kutokea chini, wewe unashika pale pale ku shingo na plastiki inazunguka moto pande zote. Chini ya mukono banaweka karatasi ngumu ya kupokea nta. Franka 1.500 na buji ndani. Ukikuja na chupa yako ya nyumbani banakukatia bure, unalipa tu buji.

Mutu wa inje ya Bukavu anaweza kucheka, chupa ya maji kwa Mama Maria kweli? Lakini huyo hajashuka kutoka Kadutu mupaka Nyawera saa moja ya magaribi, na upepo ya ziwa inapanda ile milima inakukuta usoni. Buji ya kawaida haifike hata fumbo la pili, kati ya mafumbo tano ya rozari. Unawasha ku jirani, inazima, unarudilia, inazima, mwisho unatembea na kijiti cheupe mukononi na unajifanya sawa unasali. Ya chupa nilitembea nayo njia yote, inalala kidogo kwenye kona kisha inasimama tena. Na mwezi wa kumi ni mvua, kila mutu anajua, manyunyu madogo hayaizimishe. Mvua ya kweli ile inazimisha kila kitu, hata mapadiri banakimbia.

Pale Nyawera njo utajua kama buji yako iko buji. Tunasimama pale juu njo pale baliua Monsenyere Munzihirwa, askofu wetu mukubwa wa Bukavu, tarehe 29 Oktoba 1996, na rozari ya mwezi wa kumi hapa kwetu haiwezi kupita pale haraka haraka. Fumbo nzima batu bamesimama, bazee wenye balimujua banalia, na wakati umesimama hivyo nta inajaa. Kwa ile ya karatasi tupu inakutelemukia ku vidole. Kwa ya chupa inabakia ndani ya shingo. Batu banapenda kunikumbusha Bernadette, yule musichana mwenye Bikira Maria alimutokea, eti tarehe 7 aprili 1858 kule Lourdes, Ufaransa, moto ya buji ilimugusa mukono na munganga Dozous mwenyewe aliona haikumuunguza. Sawa kabisa, naamini, lakini mimi siko Bernadette, na bibi yangu mwenye magoti mabaya naye hapana.

Sasa ubaya wake. Ile nta yenye inajaa mu shingo inaganda, na buji inanata pale sawa imepigwa gundi. Hii ni shida juu unapashwa kusukuma buji kutoka chini kila mara inafupika, ukiacha moto ishuke ndani karibu na shingo, plastiki inaanza kukunjamana na harufu inatoka, ile harufu mbaya ya plastiki, mama wa mbele anageuka anakuangalia. Dawa yake ni hii, mwisho wa kila fumbo, wakati banasema Atukuzwe Baba, unazungusha buji kidogo na unaisukuma juu. Nta iko bado moto, haijashika. Ukikumbuka ku fumbo la ine tu, umechelewa. Bijana hawaambie batu hii wakati banauzisha na bangepashwa kuandika hata ku karatasi, hapo njo nimetoa nyota.

Na jambo lingine, jioni yenyewe ya prosesyo bei inapanda. Asubuhi 1.500, jioni mutu anakuambia 2.500 na haone haya, mbele ya sanamu ya Bikira! Nunua mbele. Bamama ba shirika letu balichanga banakamata kwa pamoja, banapunguziwa.

Kuna wenye banapenda zile buji za China za batri, za plastiki nyeupe, unabonyeza chini inawaka. Nilinunua moja ku butike fulani hapa mujini, dola moja, sitasema gani. Inawaka, haizimi, haiunguze mutoto, mvua haiogope. Kwa mutoto mudogo mwenye bamemubeba mugongoni mimi ningekubali, nywele za kusuka na moto haviendeane. Lakini kwa mutu mukubwa hapana. Kwanza mwangaza wake ni wa bluu kidogo, tukifika pa "Ave", kile kiitikio cha wimbo, na kila mutu ananyanyua buji yake, unaona mustari wa manjano ndani yake kuna madoa ya baridi, inaharibu. Pili, na hii njo kubwa, hauwezi kumuwashia mwenzako. Ku Pasaka usiku moto inatoka ku ile buji kubwa inapita mutu kwa mutu mupaka nyuma ya kanisa, na ku rozari ni vile vile, ya mutu ikizima anainama kwako hata hamujuane. Huyu wa batri akiombwa moto anatabasamu tu.

Kule Lourdes, mahali prosesyo ya namna hii ilitoka ikaenea dunia nzima, banatumia kikofia cha karatasi chenye bamechapa maneno ya wimbo, jioni saa tatu. Mwenzetu mumoja wa kwaya alileta kimoja, kizuri sana, unasoma wimbo ku mwangaza wako mwenyewe. Tulijaribu kukiiga na karatasi za biro. Upepo ya kwetu ilikigeuza, kikashika moto ndani ya dakika mbili. Bijana bakiweza kubandika maneno ya wimbo inje ya chupa, ubeti wa pili na wa tatu hasa, juu kuanzia hapo batu bote banaimba mmm-mmm, mimi ningelipa hata 2.000.

Muchukue chupa ngumu, ile ya maji yenye inalia ukiifinya ni nyepesi mno, inakunjamana haraka. Na buji ya nene, nyembamba inacheza mu shingo inaanguka. Banauzisha kuanzia Siku ya Mungu ya kwanza ya mwezi wa kumi, na ya mwezi wa tano banaanza kisha Pasaka, ku mulango wa kushoto, pale pa bamama ba maandazi.