Siku nne kwenye mtumbwi na Waojibwe: tangazo limenizingua, mpunga umeniponya (UCHAMBUZI)

Haya wapendwa wangu karibuni tena, na mnisamehe sauti ya leo inakwaruza, ile maiki nzuri niliyonunua kwa michango yenu ipo chini ya ziwa huko kaskazini mwa Minnesota, tutafika huko. Leo sichambui simu, sichambui blenda, leo nachambua safari, ile ile ambayo nusu yenu mmenitumia tangazo lake mkiniuliza dada hii ya kweli au ndo wanakula hela zetu. Siku nne, usiku tatu, mtumbwi, pori la Boundary Waters na "utamaduni wa Waojibwe", wale wenyeji wa asili wa huku. Nimelipa dola 1,150 za mfukoni mwangu, hakuna aliyenidhamini, na jina la kampuni silitaji kwa sababu nina malalamiko na sina wakili.

Boundary Waters yenyewe sitaieleza sana, nyie mnaokaa Minneapolis na Brooklyn Park mnaijua, ipo mpakani na Kanada, maziwa zaidi ya elfu moja, boti za injini karibu kote marufuku, kikundi mwisho watu 9 na mitumbwi 4, makopo na chupa za kioo usije nazo. Hema, maboya ya kuvaa, chakula, kibali, vyote vimo kwenye bei. Choo ni boksi tu huko vichakani, halina ukuta halina mlango, unakaa unaangalia miti na miti inakuangalia. Basi, hayo yanatosha.

Nianze na kilichoniudhi. Kwenye tangazo kuna picha ya mtumbwi wa magome, mzuri mpaka unataka kulia. Waojibwe wanauita wiigwaasi-jiimaan, jiimaan ni mtumbwi na wiigwaas ni gome la ule mti mweupe wa huku ambao mbali unaona kama umepakwa chokaa. Mi mtoto wa Kyela, nimezaliwa nimekuta mitumbwi Ziwa Nyasa, ila ile yetu ni gogo limechongwa, zito, wanaume wanne mnalisukuma mchangani mkiimba. Huu wa kwao ni gome limeshonwa kwa mizizi ya miti, ndani mbavu za mwerezi, na viungo vyote vimekalafatiwa kwa utomvu uliochanganywa na mafuta na mkaa. Na hiki sikukijua kabla, ule upande mweupe wa gome unawekwa NDANI, upande wa kahawia ndo unagusa maji. Nimekaa Marekani miaka sita nikidhani ni kinyume.

Sasa nafika pale Ely, mji wa kuanzia safari, nakuta nini? Kevlar, nyuzi za kisasa. Mtumbwi wa njano wa kiwandani, unaona jua kwa upande wa pili. Nikanuna jamani, nikamuuliza kiongozi wetu, ule wa kwenye picha uko wapi? Huyu kiongozi ni Mwojibwe mwenyewe, mtu mzima, maneno machache. Akaniambia ule unatengenezwa wiki kadhaa na kuna mawe mengi njiani, halafu akaniangalia mikono. Hakusema zaidi. Nikaandika kwenye simu yangu: uongo wa tangazo, toa alama mbili.

Ila ngoja, maana hapa maoni yangu yalianza kuyumba. Hayo maziwa hayajaungana yote. Ukifika mwisho wa ziwa unashuka, unaubeba mtumbwi kichwani na mabegani, unatembea porini mpaka ziwa linalofuata. Wao njia hiyo wanaiita onigam. Na ramani hazikwambii mita, zinakwambia rodi, rodi moja ni kama mita 5, yaani karibu urefu wa mtumbwi wenyewe. Naambiwa rodi 140 nikasema si kidogo hiyo. Mita 700! Matope, mizizi, mlima, mbu wawili watatu waliobaki wa Septemba wote wamenichagua mimi, na mikono yote imeshika mtumbwi huwezi hata kujipiga kofi. Ule mtumbwi wa njano una kilo 19. Kilo 19 tu na nilikuwa nasali. Nilipoutua upande wa pili nikaubusu. Nikafuta ile ya kutoa alama mbili, nikaweka moja.

Na zile njia, hii sikuitarajia, serikali inaliita pori, sheria ya mwaka 1964 inalisema kama sehemu ambayo mtu ni mgeni anayepita tu. Sasa njia zenyewe za kupita nani alizikanyaga zikawa njia? Kuna moja huko mashariki, Grand Portage, maili 8 na nusu, wenyewe wanaiita Gichi-onigaming, na wamepita pale karne kwa karne.

Siku ya kwanza tulipelekwa ziwa la Hegman kuona michoro ya mwambani. Myekundu, juu kidogo ya maji: mtu amenyoosha mikono, mnyama moose yule mkubwa kama ng'ombe mwenye miguu ya twiga, mnyama mwingine mwenye mkia mrefu, na mitumbwi. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu ya pale. Kiongozi akaomba tuzime kamera, akatoa tumbaku kidogo, asemaa, akaiweka majini, tukakaa kimya. Kwa hiyo pale mnapoona skrini nyeusi sekunde kumi na tano msinikomentie "dada edit imekushinda". Niliombwa, nikazima.

Usiku moto umewaka, ndege wa maang analia ziwani, wale wanaolia kama mtu kapoteza mtoto, mi nimekaa na maiki nasubiri hadithi. Tangazo limeandika hadithi za moto wa kambi! Nikamwambia kiongozi, haya baba, tupe za Wenabozho, yule mjanja wa hadithi zenu. Akasema hapana. Hapana vipi? Anasema hakuna theluji. Zile hadithi takatifu, aadizookaan, zinasimuliwa kipindi cha baridi tu, theluji ikiwa chini. Nikasema mbona mmetuuzia? Akasema tangazo hakuandika yeye. Aisee nilikasirika. Halafu nikamkumbuka bibi yangu Kyela, mchana ulikuwa humtoi hata paukwa, anakwambia nenda kachote maji. Tulikuwa hatumuulizi risiti.

Na akanieleza kitu ambacho sisi wa ngeli tutakielewa haraka: kwenye lugha yao hizo hadithi zipo kwenye kundi la viumbe hai. Yaani kama tungesema "hadithi amekuja, mpisheni akae". Historia ya kawaida wana neno lingine, dibaajimowin, hiyo akatupa mpaka usiku wa manane, jinsi mababu zao walivyotoka pwani ya Atlantiki wakaambiwa waende magharibi mpaka wakute chakula kinachoota juu ya maji.

Sasa hapa naomba usiguse hiyo skrini. Hicho chakula ndo kilichonifanya nitengeneze hii vidio. Manoomin. Mpunga wa mwitu, hakuna aliyeupanda, unaota ziwani. Na tulibahatika, tulienda mwezi ambao kwao jina lake tu ni mwezi wa kuvuna mpunga. Ngoja nishushe kamera. Mnaona meza? Sawa. Hizi fimbo mbili ni za mwerezi, nyepesi kama mwiko. Sheria ya Minnesota inasema zisizidi inchi 30 na uzito usizidi ratili moja, na unavuna saa tatu asubuhi mpaka saa tisa mchana, na lazima uwe na leseni, mi nilikata yangu kwa sababu ni mkazi wa jimbo. Waojibwe wao wana haki zao, mkataba wa La Pointe wa 1854 waliachia ardhi ya upande huu ila kuwinda, kuvua na kuvuna wakabaki nako.

Twende. Huu mtandio ni mpunga, ukingo wa meza ni ukingo wa mtumbwi. Mtumbwi una watu wawili. Wa kwanza amesimama na pondo, pondo lenyewe lina uma mwishoni lisizame kwenye tope likang'oa mizizi. Wa pili amekaa, ndo mimi. Fimbo ya kushoto inaenda mbali, inakumbatia mashuke, inayainamisha juu ya mtumbwi, hivi, taratibu, kama unamlaza mtoto. Fimbo ya kulia inapangusa. Hivi. Tena hivi. Halafu unaachia yasimame yenyewe. Unageuka upande wa pili, kulia inakumbatia, kushoto inapangusa. Mmeona sijapiga?

Kwa sababu mi nilipiga. Mtoto wa Kyela, niambie mpunga! Nilizichapa zile shuke kama napura nyumbani, twaa! Bibi mmoja aliyekuwa nyuma yangu na pondo akasimamisha mtumbwi, akaniomba fimbo kwa mkono tu, akanionyesha bila neno. Punje zilizoiva ukizigusa zinaachia zenyewe. Mbichi zinabaki, unarudi siku kadhaa baadaye unazikuta zimeiva. Ukichapa umevunja bua, umekula na kesho yake. Na zile zinazodondoka majini usizihuzunikie, ndo mbegu za mwaka ujao. Nilipoanza kuipata ile mwendo, shhh tak, shhh tak, punje zinaanguka kwenye sakafu ya mtumbwi kama mvua inayoanza kwenye bati. Nikainama ubavuni nirekodi hiyo sauti karibu karibu kwa ajili yenu. Maiki ikachomoka. Bluuup. Bibi alicheka mpaka akashikilia pondo lisimdondoshe.

Hasara zake sifichi: punje ina unywele mrefu mkali unaingia mpaka kwenye soksi, na kuna kidudu cha mpunga kinang'ata, angalieni hapa shingoni, bado.

Nchi kavu unaanikwa, unakaangwa kwenye chungu cha chuma huku unakorogwa bila kupumzika, halafu badala ya kinu, wanaucheza. Kweli! Unavaa viatu safi laini vya ngozi, unaingia kwenye kishimo, unakanyaga kwa kuzungusha kisigino maganda yaachie. Nilichoka dakika tatu. Halafu wakatoa sinia la wiigwaas la kupepetea, na wenzangu wale wa kutoka Chicago wanamwaga tu mchele chini, nikasema jamani pisheni. Ungo si ungo? Nikapepeta, pumba zinaenda na upepo, mchele unabaki nyuma umekaa kikundi. Yule bibi akasogea, akaangalia, akaniachia sinia lake lote akaenda kunywa kahawa. Hiyo ndo sifa niliyopewa safari nzima na siiuzi.

Sasa bei. Mwaka juzi nilienda na kampuni nyingine kwa dola 700, ziwa hilo hilo, kiongozi kijana wa chuo mpole sana, ila utamaduni alikuwa anausoma kwenye karatasi iliyoloa. Hiyo msiende. Kama hela inabana, endeni makumbusho ya Mille Lacs pale Onamia, kuna chumba cha misimu minne kinaonyesha mpaka uvunaji wa mpunga, utaelewa mengi na mgongo wako utabaki salama. Kama nguvu zipo na hela ipo, nenda na hii ya 1,150, lakini nenda mwisho wa Agosti au Septemba mwanzoni na uwaulize kabla hujalipa: kiongozi ni Mwojibwe? Siku ya mpunga ipo? Wakikujibu "inategemea", usitoe kadi. Ya Julai bei ni ile ile na mpunga haujaiva, hapo unalipia kubeba mtumbwi.

Na mkinunua dukani angalieni pakiti. Ule mweusi tii unaong'aa, wa bei rahisi, ni wa kulimwa mashambani, mwingi unatoka California, unachemsha karibu saa nzima bado unakuangalia. Wa ziwani uliovunwa kwa mikono ni wa kahawia kijivu, dakika ishirini hivi umefunguka, una harufu ya moshi. Ratili moja nililipa dola 16, nikaguna, ila baada ya kukanyaga kile kishimo dakika tatu sigunii tena.

Alama natoa 8 kwa 10. Hapana, ile picha ya tangazo bado inanikera, 7. Na nusu. Mkinifikisha wafuasi elfu kumi mwezi huu nanunua maiki mpya na narudi theluji ikianguka, kiongozi kaniambia nimpigie, nimemkumbusha kabisa. Wa Kyela mliomo humu nimeupika kwa tui la nazi na ndo unaungua saa hii, nasikia harufu, ngoja nikazime jiko.