Uzoefu wangu wa Rose Bowl: Michigan na Alabama, Januari 1, 2024

Kama uko Marekani na una hela ya kuona mechi moja tu ya futiboli ya Kimarekani, usiipeleke kwenye ligi ya kulipwa. Ipeleke Pasadena, California, siku ya mwaka mpya, kwenye mchezo wa vyuo vikuu uitwao Rose Bowl. Nimekulia kwenye Simba na Yanga, najua kelele za uwanja uliojaa ni nini, na bado nasema siku ile ilinitikisa.

Nianze na tiketi, maana hapo ndipo panapouma. Mwaka ule mchezo ulikuwa nusu fainali ya ubingwa wa vyuo vikuu, kwa hiyo bei zilipaa. Nilinunua kwenye mtandao mmoja unaouza tiketi za mkono wa pili, na ada zao hawakuzionyesha mpaka hatua ya mwisho ya kulipa. Zilikuwa kubwa kiasi cha kukera. Ukinunua, tafuta jumla kwanza ndipo ulinganishe.

Halafu usifike mchana. Fika alfajiri uone gwaride la maua barabara ya Colorado, linaloanza saa mbili asubuhi. Gwaride hili ni la tangu 1890, limeutangulia mchezo wenyewe wa Rose Bowl kwa miaka 12, na kusimama kando ya barabara hulipi kitu. Wapo wanaolala palepale usiku kucha na mablanketi yao. Jitahidi uyaone kwa karibu magari yaliyopambwa ya gwaride. Kanuni inataka kila sehemu inayoonekana ifunikwe kwa maua au kitu kingine cha mmea: majani, mbegu, magome ya miti. Kwa mbali unaona rangi iliyopakwa vizuri. Ukisogea, ni punje zimebandikwa kwa gundi, moja baada ya nyingine, ubavu mzima wa gari.

Uwanja ulifunguliwa mwaka 1922 na uko bondeni, Arroyo Seco, milima ya San Gabriel ikionekana upande wa kaskazini. Magari huegeshwa kwenye viwanja vya gofu vya Brookside vilivyo jirani, na hapo ndipo watu wanapochoma nyama tangu asubuhi, shabiki wa timu hii akimkaribisha wa timu ile. Ndani, umati ulikuwa umegawanyika: njano na buluu ya Michigan huku, nyekundu iliyokoza ya Alabama kule. Tulikuwa watu 96,371. Bendi za vyuo zikaingia, mamia ya wanafunzi wenye matarumbeta na ngoma, na nakuhakikishia kwamba hizo bendi peke yake zinastahili nauli.

Jirani yangu alikuwa mzee mmoja wa Michigan, amevaa sweta la njano, amekuja na bintiye ambaye naye alisoma chuo hichohicho. Alipoona nahangaika kuufuata mpira, aliniambia nisiutazame kabisa. Niwatazame wale wanene wa katikati, wanaokabana kabla mpira haujaenda popote. Anayesukumwa nyuma ndiye anayeshindwa, haidhuru mpira umekwenda wapi. Ushauri huo ulinifungulia mchezo mzima. Kipindi cha kwanza safu ya ulinzi ya Michigan ilikuwa inapenya kila mara, na Jalen Milroe, anayeongoza mashambulizi ya Alabama, aliangushwa na mpira mkononi mara tano kabla ya mapumziko. Michigan wakaenda kupumzika na 13 kwa 10.

Kipindi cha pili mambo yakageuka. Alabama ya kocha Nick Saban ilianza kushinda palepale katikati, ikafika 20 kwa 13, na dakika zinayoyoma. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi, kama mita tisa, la sivyo inapoteza mpira. Michigan wakafika jaribio la nne wakiwa bado nusu yao ya uwanja: wakikosa, kwaheri. J.J. McCarthy, mrushaji wa Michigan, akamtupia mwenzake Blake Corum, akaukamata, akakimbia nao. Muda mfupi baadaye Roman Wilson akadaka mpira wa kusawazisha, zimebaki dakika moja na sekunde 34. Nilikumbatiwa na watu nisiowajua. Na bado kukawa na tukio la kusimamisha moyo: mpira wa juu uliopigwa na Alabama ukamponyoka Jake Thaw wa Michigan karibu kabisa na mstari wa goli wa timu yake mwenyewe, akauwahi yadi chache tu kabla ya mstari huo. Mzee wangu alikuwa amefunika uso kwa kofia.

Muda wa nyongeza wa vyuo ni mtamu kuliko penalti. Kila timu inapewa mpira yadi 25 kutoka kwenye mstari wa goli wa mpinzani. Corum alizimaliza zote 25 kwa mbio mbili, nane kisha 17. Ikawa 27 kwa 20. Alabama nao wakasogea mpaka yadi tatu, jaribio la nne, la mwisho. Makocha wakaomba mapumziko, wakarudi, wakaomba tena. Safari hii sikuhitaji kuambiwa pa kutazama. Milroe alirushiwa mpira na mwenzake ukaja chini sana, akaudaka, akaingia moja kwa moja katikati, na safu ya Michigan ikafunga njia. Kwisha. Wiki moja baadaye Michigan walitwaa ubingwa Houston kwa kuifunga Washington 34 kwa 13, na Januari 10 Saban akatangaza kustaafu. Kwa hiyo tulishuhudia mchezo wa mwisho wa kocha mwenye mataji saba ya taifa.

Kasoro zipo. Mchezo ni mrefu, karibu saa nne, na kila televisheni inapoweka matangazo, wachezaji wanasimama tu na wewe unasubiri. Uwanja ni wa zamani, njia za kuingilia ni nyembamba, hivyo uwahi kwenye kiti na usikimbilie kutoka. Mkoba uwe wa plastiki unaoonyesha vilivyomo. Beba sweta hata kama mchana kuna jua kali. Likishazama, kabla ya saa kumi na moja jioni, bonde linapoa haraka. Safu za chini kabisa usizichukue, maana wachezaji waliosimama kando ya uwanja wanakuziba. Na upande wa mashariki jua linakupiga usoni kipindi kizima.

Tangu msimu wa 2024 Rose Bowl ni robo fainali, kwa kuwa mashindano yamepanuliwa kuwa timu 12, na timu zote mbili zitakazokuja hujulikana chini ya wiki mbili kabla. Mimi nitasubiri zijulikane ndipo ninunue, na nitachukua tena safu za juu, upande wa magharibi.