Kitabu cha mechi za Mikhail Tal: nimekimaliza, maoni yangu haya

Jamani hiki kitabu nilikiagiza mtandaoni nikidhani ntakisoma mdogo mdogo, wapi, nimekesha nacho siku tatu ubao wa chesi pembeni. Huyu jamaa ni wa Riga, Latvia, kazaliwa 1936, na mwaka 1960 akiwa na miaka 23 tu akamvua Botvinnik ubingwa wa dunia kwa pointi 12.5 kwa 8.5. Sura ya gemu ya sita ndo imenimaliza, Tal anaenda kumuweka farasi wake kwenye mraba wa f4 aliwe, ukumbi ukalipuka kwa kelele mpaka wachezaji wakahamishiwa chumba cha nyuma, af baadaye wachambuzi wakaonyesha kafara yenyewe ilikuwa na walakini, ila Botvinnik saa inamkimbiza, jibu hakuliona. Mi hapo nimepanga kete upya kama mara nne hivi, bado sielewi mtu anatoa wapi huo ujasiri bana.

Shida sasa. Michoro ya ubao ni midogo na wino hafifu, mfalme na malkia unabahatisha tu, na nakala yangu kurasa zimeshaanza kubanduka gundi. Af marudiano ya 1961 aliyopigwa 13 kwa 8, figo zikimsumbua, wameyapitia juujuu kama wanaona aibu vile, wakati mi ndo hapo nilitaka kujua zaidi. Kama hujui kusoma notesheni (hatua za chesi zilizoandikwa kwa herufi na namba) usinunue, utaishia kuangalia picha. Nyota nne.