Grisi ya molibdeni kwenye kebo ya spidi ya Beetle yangu: miezi minane baadaye

Nina Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1972, ameniachia baba. Mwaka jana mshale wa spidi ulianza kuchezacheza. Nikiwa kwenye 50 unaruka hadi 70, unashuka 40, na nyuma ya dashibodi kunalia kama nyenje. Gereji moja hapa Dar wakaniambia spidomita imekufa, nitafute nyingine. Fundi wa pili alifungua kebo kwa juu, akashindilia grisi ya beringi, akafunga. Kelele ikaisha siku hiyohiyo. Wiki tatu baadaye mshale ukawa mzito, unabaki kwenye 30 hata gari likiwa limesimama.

Nikaamua kuifanya mwenyewe. Nilinunua Gerezani tyubu ndogo ya grisi nyeusi yenye molibdeni (madini ya kupunguza msuguano), shilingi 15,000, na ndiyo ninayoitolea maoni hapa. Lakini niseme mapema: ukiipaka vibaya, hata hii itakuharibia spidomita.

Beetle haichukui spidi kwenye giaboksi. Kebo inapita katikati ya ekseli fupi ya gurudumu la mbele, ncha yake ya mraba inatokeza kwenye tundu la mraba la kifuniko cha beringi, na kipini kidogo kinaishikilia. Gurudumu likizunguka, kifuniko kinazungusha waya ulio ndani ya ganda la kebo. Nilitoa kipini, nikalegeza nati ya nyuma ya spidomita, nikauvuta waya wa ndani kwa juu. Chini ulikuwa na kutu, maana mpira wa kuzuia maji nyuma ya ekseli ulishapasuka. Juu ulikuwa umelowa grisi ya yule fundi.

Nikaelewa yote mawili. Waya mkavu wenye kutu hunasa ndani ya ganda, unajisokota, kisha unaachia ghafla. Ndiyo maana mshale unaruka. Na kwa kuwa waya umesokotwa kama skrubu, ukizunguka unapandisha grisi ya ziada mpaka ndani ya spidomita. Mle ndani kuna sumaku inayozunguka karibu na kikombe chepesi cha alumini bila kukigusa. Nguvu ya sumaku ndiyo inayokivuta kikombe, na springi nyembamba kama unywele inakirudisha. Ni ubunifu wa Otto Schulze wa Strasbourg, aliousajili mwaka 1902. Grisi ikiingia katikati ya sumaku na kikombe, mshale hauwezi kurudi sifuri.

Spidomita yenyewe, ya kampuni ya VDO, niliipeleka kwa mzee mmoja fundi wa saa. Aliisafisha kwa spiriti na brashi laini, taratibu sana, bila kuigusa ile springi. Nawashauri wenye magari ya zamani: kazi hii mpeni fundi wa saa, mikono yake imezoea vitu vya namna hii.

Waya niliuosha kwa mafuta ya taa, nikasugua kutu kwa kitambaa kigumu, nikaulaza juu ya meza ya kioo na kuuviringisha. Waya mzima unaviringika sawasawa. Uliokunjika unarukaruka, na huo hauponi kwa grisi yoyote, nunua mwingine. Wangu ulikuwa mzima. Ganda nalo nililimwagia mafuta ya taa, nikalipulizia upepo kwa fundi wa pancha, nikaliacha juani mchana kutwa.

Halafu ndipo grisi. Kiasi cha punje ya harage kwenye vidole, ukiupitisha waya katikati yake hadi uwe mweusi na unang'aa tu, usionekane umepakwa. Sentimita 20 za juu niliziacha bila kitu. Wakati wa kurudisha ganda nilihakikisha halipindi kwa kona kali, nikafunga na mpira mpya kule chini.

Sasa ni miezi minane, masika moja imepita, na nimeshakwenda Bagamoyo na kurudi mara kadhaa. Mshale umetulia. Simu ikionyesha 80 kwa setilaiti, spidomita inasema 84, nami nimeridhika kabisa. Hakuna sauti. Nilifungua tena mwezi uliopita kuangalia: waya bado mweusi, hauna kutu mpya, na juu ni pakavu.

Ubaya wake? Inachafua vibaya, shati langu moja halikutakata tena. Na maandishi ya tyubu hayasemi lolote kuhusu kebo, kwa hiyo asiyejua ataijaza kama grisi ya beringi. Naipa nyota nne.

Kilichobaki ni kile kifuniko cha beringi. Tundu lake la mraba limeanza kulika kwenye kona, na siku waya utakapoteleza humo mshale utalala sifuri hata waya uwe safi namna gani. Mwenye kujua kinapopatikana kifuniko kipya hapa mjini, aniambie.