Polishi ya koni ya propela: ununue ipi ukiwa Lubumbashi

Nianze na jibu kwa wale waliokwisha kusimama dukani. Ikiwa koni ya propela yako, yaani kile kifuniko kilichochongoka katikati ya propela ya ndege, ni alumini tupu na imefifia tu, nunua tyubu moja ya polishi ya Autosol na fungu kubwa la matambara ya pamba. Basi. Pesa itakayobaki itie kwenye mafuta ya ndege. Hapa chini nimezipanga polishi tano kuanzia ile ningeinunua hadi ile ningeiacha rafuni, na vitu viwili vitatu ambavyo singeruhusu vikaribie ndege.

Kabla ya kutoa hata faranga, ujue unang'arisha nini. Koni nyingi za ndege ndogo za Cessna na Piper ni alumini nyembamba. Nyingine zimepakwa rangi, nyingine zina kromu, na zipo za faiba. Chukua kitambaa cheupe, weka polishi kiasi cha punje ya haragwe, usugue sehemu isiyoonekana sana, karibu na skrubu. Kitambaa kikiwa cheusi, hiyo ni alumini tupu na maneno haya yanakuhusu. Kikibaki cheupe, unasugua kromu au vanishi: acha, osha kwa maji na sabuni laini, hakuna cha kununua.

Kwetu Lubumbashi alumini ina maadui wawili. Kiangazi kuna vumbi jekundu, na ndege inayotua kwenye viwanja vya udongo vijijini hulipata zaidi kuliko inayobaki kwenye lami ya uwanja wa ndege wa Luano. Majira ya mvua kuna unyevu, na huu ni mji wa kuyeyusha madini: moshi wenye salfa ukikutana na unyevu hutengeneza asidi inayokula chuma polepole. Vumbi huacha mikwaruzo, asidi huacha vishimo. Hiyo ndiyo tofauti inayoamua ununue nini, kuliko jina lililo kwenye kopo.

1. Autosol. Ya Kijerumani, nzito, ya tyubu, na wauza vipuri vya magari na pikipiki wanaijua. Inaondoa ukungu wa alumini na mikwaruzo midogo kwa mkono mtupu, bila mashine, na tyubu ya mililita 75 haitaisha kwa koni moja. Bonyeza tyubu kabla ya kulipa: iliyokaa sana juani inakuwa ngumu, na punje zilizoganda zitakukwaruza. Udhaifu wake ni kwamba haifiki kwenye kioo kamili. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, utaona alama za mviringo za kitambaa. Mimi hazinisumbui. Abiria hatazami koni saa sita mchana, anatafuta kivuli.

2. Nuvite. Hii ndiyo wanayoitumia wenye ndege za zamani zenye mwili wa alumini tupu, zile zinazong'aa hadi unajiona meno. Inauzwa kwa madaraja: F9 ni kali sana, F7 inafuata, C ni ya katikati, S ni ya kumalizia. Unaanza na kali kadiri ya uharibifu, unashuka daraja moja moja, na kila daraja lina matambara yake. Ukichanganya, punje kali zinarudi kuharibu kazi ya laini. Matokeo yake hayana mpinzani. Kwa nini basi ni ya pili? Kwa sababu inatoka Marekani, na kwa koni moja utalipia usafiri kuliko polishi yenyewe. Wenye ndege watatu au wanne wa hanga moja wakichangiana F7 na S, hapo hesabu inageuka na ningeiweka ya kwanza. Ukiagiza, soma lebo: polishi nyingi za chuma zina mafuta yanayoshika moto, na kampuni za mizigo ya ndege zina masharti kwa vitu hivyo. Usimtilie mtu kwenye sanduku kimyakimya.

3. Mothers Mag & Aluminum. Ilitengenezwa kwa rimu za magari. Laini, inapakika vizuri, inafutika vizuri. Ni nzuri kwa koni ambayo tayari inang'aa na unataka ibaki hivyo. Kwa koni iliyoachwa miaka, utasugua mpaka mkono ukatae. Ukiwa na mtu anayeleta bidhaa kwa njia ya mpaka wa Kasumbalesa, mwagize kopo moja.

4. Nevr-Dull. Pamba iliyokwisha kulowekwa dawa, kwenye kopo. Unachana kipande, unapitisha, unafuta. Ni ya dakika tano kabla ya mgeni kufika, wala si zaidi.

5. Brasso. Najua iko nyumbani, na katika mji wa shaba hakuna ajabu. Kwenye shaba ni mwaminifu. Kwenye koni ni majimaji, inatiririka kwenye matundu ya skrubu, inakauka humo kuwa unga mweupe, na ile ya asili ina amonia ambayo sina sababu ya kuileta karibu na ndege. Ibaki kwenye vitasa vya mlango.

Sasa visivyofaa kabisa. Steelwool hapana: inaacha vipande vya chuma ndani ya alumini, na metali hizo mbili zikikutana na unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Majivu na mchanga, vile tunavyosugua sufuria, vitakupa koni yenye sura ya sufuria. Mashine kubwa ya kusugulia ya karakana za mjini naiogopa zaidi, kwa sababu fundi wake ni hodari kweli, ila amezoea vyuma vinene. Koni ni nyembamba; ikipata moto sehemu moja inapinda, na koni iliyopinda inatikisa injini nzima. Akiisugua kwa nguvu karibu na matundu ya skrubu, anapunguza chuma hasa pale ambapo nyufa huanzia.

Vishimo vikiwa vinashikika kwa ukucha, hakuna polishi ya kununua itakayoviondoa. Hapo ni msasa wa maji, mwembamba kisha mwembamba zaidi, na uamuzi huo ni wa fundi wa ndege mwenye leseni. Yeye ndiye wa kusema kama chuma kilichobaki kinatosha au koni ibadilishwe. Ukiona ufa, weka polishi chini, umwite.

Matambara yanastahili pesa kuliko watu wanavyodhani. Flana au fulana za pamba za mitumba, zilizofuliwa, zisizo na vifungo wala maandishi ya plastiki. Weusi unaojaa kwenye kitambaa una oksidi ya alumini, nayo ni ngumu kuliko alumini yenyewe, kwa hiyo geuza kitambaa mara kwa mara na ukitupe mapema. Kwa kufuta weusi wa mwisho nunua maizena au unga laini wa ngano: nyunyiza, futa kwa flana kavu, mafuta yote yanatoka nao. Unga wa bukari (ugali) hapana, una chenga. Ongeza kopo la nta ya gari ya kanauba. Tabaka jembamba la nta halikomeshi kufifia, ila linakuchelewesha kurudi kwenye polishi, na wadudu waliogonga koni wanatoka kwa maji tu.

Osha kwanza, kila mara, hata kama koni inaonekana safi. Lile vumbi jekundu lina mchanga, na ukilisugua na polishi umetengeneza msasa.

Kuhusu usalama sitanii. Ukiegemea koni, propela inazunguka, na injini ya magneto (kifaa kinachotoa cheche bila betri) inaweza kuwaka kwa mzunguko mdogo tu ikiwa waya wa kuizima umekatika, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Magneto zizimwe, mafuta yafungwe, magurudumu yazuiwe, na wewe usimame nje ya njia ya mapanga ya propela kana kwamba injini itawaka sasa hivi. Aliyekuambia ushike kitambaa huku injini ikizunguka polepole, usimsikilize. Koni ikibidi kufunguliwa, fundi aweke alama ili irudi kwenye matundu yake yale yale, la sivyo mizani inaharibika.

Na polishi itakayobaki isiende kwenye mapanga. Rangi au tabaka lililo juu yake ni kinga dhidi ya kutu, ile rangi nyeusi upande wa rubani ni ya kuzuia mwanga kumpiga machoni, na unene wake umepimwa.