TAHADHARI: "Roseville" za uongo na vyungu vyenye matundu yaliyozibwa

Ndugu wakusanyaji wa vyungu vya maua vya Kimarekani, kaeni macho. Kuna tangazo ambalo kila likifutwa linarudi kwa jina jingine: "Roseville halisi, ya 1910, imetoka nyumba ya marehemu bibi, iondoke leo." Picha ni mbili, zote za mbele. Ukiomba picha ya kitako unaambiwa kuna watu watatu kwenye foleni, lipa kwanza. Hapo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Anza na mwaka, maana uongo mwingi hufia hapo. Kiwanda cha vyungu cha Roseville kilianza 1890 katika mji wa Roseville, Ohio, kikahamia Zanesville na kufungwa 1954. Kila toleo lilikuwa na jina na pambo lake: Freesia lilitoka 1945, Zephyr Lily 1946, Snowberry 1947. Anayekuuzia Freesia ya "1910" ama hajui anachouza, ama anajua sana.

Kisha geuza chungu. Vya miaka ya 1940 vina herufi zilizoinuka, zilizotoka kwenye kalibu yenyewe: Roseville, U.S.A., halafu nambari mbili zenye kistari kati yake, mfano 1392-8. Ya kwanza ni nambari ya umbo, ya pili ni ukubwa kwa inchi. Nakala za China zilianza kujaa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, na nyingi zina neno Roseville peke yake, U.S.A. haipo, au imefifia kama iliyosuguliwa. Forodha ya Marekani hutaka bidhaa ionyeshe nchi ilikotengenezwa, kwa hiyo nakala hizo ziliingia na kibandiko cha karatasi, na mjanja hukibandua. Pitisha kidole kitakoni utafute gundi inayonata, au kipande kilicho safi kuliko sehemu nyingine.

Wageni hunaswa zaidi kwenye Jonquil na Luffa, matoleo ya mwanzoni mwa miaka ya 1930. Vyungu halisi vya matoleo hayo kwa kawaida vilibandikwa lebo tu, au viliandikwa nambari kwa krayoni. Jina halikuwa kwenye kalibu. Ukiona Luffa yenye "Roseville" iliyoinuka vizuri kitakoni, huo mhuri unaokufurahisha ndio ushahidi kwamba ni nakala. (Upande wa pili wa jambo hili ni mtamu: lebo zikishabanduka, halisi huuzwa bei ya kutupa kwa kukosa jina.)

Rula nayo husema kweli. Mwigaji akitengeneza kalibu kutoka kwenye chungu halisi, udongo wake unasinyaa ukikauka na tena ukichomwa, mara nyingi kwa karibu asilimia 10. Chungu cha inchi 8 hutoka na inchi 7 na kidogo. Robo inchi isikutishe, hata kiwandani hazikulingana kabisa. Ikipungua nusu inchi au zaidi, kiache. Na kwa kuwa kalibu imenakiliwa, mishipa ya majani huwa butu, na rangi ya ua humwagikia nje ya petali.

McCoy, kiwanda kingine cha vyungu cha Ohio, ni mkasa mwingine. Kiwanda kilifungwa 1990, na jina likaja kutumiwa na wengine kwenye vyombo vipya, hata vya maumbo ambayo kiwanda hakikuwahi kutengeneza. Jina peke yake lisikushawishi.

Sasa matundu, ambayo ndiyo hasa balaa ya vyungu vya kupandia. Wenye nyumba wengi walivitoboa kitako ili maji yatoke, na tundu la namna hiyo hushusha bei sana. Chungulia ukingo wake. Tundu la kiwandani limepitiwa na gilezi, ule utando wa kioo unaochomewa juu ya udongo, au ukingo wake ni laini. Lililotobolewa baadaye huonyesha udongo mkavu na vipande vilivyobanduka kulizunguka. Muuzaji mbaya hulijaza gundi ya epoksi, hupulizia rangi, kisha huandika "hakijatobolewa". Tumia tochi ya urujuanimno, ileile ya kukagulia noti, kwenye chumba chenye giza: mara nyingi palipozibwa hung'aa tofauti na gilezi ya kale. Gonga ukingo polepole kwa kucha. Kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hutoa sauti ya kufa. Gusa kwa ncha ya sindano: gilezi huteleza, rangi ya kupuliza huzama kidogo. Usipake asetoni kwenye chungu ambacho si chako.

Kwa chungu kikubwa kinachokaa juu ya stendi, hakikisha vyote viwili ni vya toleo moja na rangi moja. Kuna wanaooanisha Freesia ya kijani na stendi ya kahawia na kuziuza kama pacha.

Kabla ya kulipa, dai picha ya kitako, ya ndani na ya ukingo, pamoja na karatasi yenye tarehe ya leo kando ya chungu. Picha za wizi hukwama hapo. Usilipe kwa Zelle (huduma ya Marekani ya kutumiana pesa kwa simu) wala kadi za zawadi, na PayPal ya "marafiki na familia" haina ulinzi wa mnunuzi. Walioko Columbus, Ohio, wana bahati: Zanesville ni mwendo wa kama saa moja kwa gari, wanaweza kwenda kukagua wenyewe, na chungu cha kushikwa mkononi ni vigumu kudanganya.

Mzigo ukifika, rekodi video tangu kabla ya kukata gundi ya boksi. Usikioshe chungu wala kuweka mmea mpaka umekikagua. Kama kina kasoro usiyoambiwa, eBay inakupa siku 30 za kufungua madai tangu kipokelewe, PayPal siku 180 tangu ulipe. Muuzaji akikuomba "tuyamalize nje ya mtandao", kataa: ukifunga madai, hutaweza kuyafungua tena.